Nyumba ya Kumi na Moja

Mdogo wangu alifariki Jumanne asubuhi, na kompyuta yake ilikuwa bado inawaka. Nilipokwenda kuizima nilikuta barua ya mchezaji ikiwa wazi: "Nimekwama tena kwenye nyumba ya kumi na moja. Mtarekebisha lini?"

Mchezo wa kompyuta alioutengeneza ni wa bibi fundi saa anayepita nyumba kwa nyumba akizitengeneza saa zilizosimama. Ukiingia nyumba ya kumi na moja kila kitu kinaganda, na safari yako yote inafutika. Ndani ya nyumba hiyo ni jiko la mama yetu vile vile lilivyo, mpaka kabati ambalo mlango wake hufungwa kwa kamba.

Wiki tatu baada ya mazishi alikuja mchoraji, mwenzake katika kazi ile. Aliniambia marekebisho yalikwisha kabla mdogo wangu hajaugua, ila hawakuweza kuyatoa. Walikuwa wamesaini mkataba na kampuni ya kusambaza michezo, na maneno ya siri ya duka la mtandaoni mchezo unakouzwa yakabaki kwa kampuni hiyo. Kampuni iliahidi kuushughulikia mchezo mwaka mmoja. Mwaka ulipoisha ikageukia michezo mingine, na barua zao haikujibu hata moja.

"Tulikuwa na haraka, dada," alisema. "Tulisoma ukurasa wa kwanza na ule wa kusaini."

Mimi sijui mambo ya kompyuta. Ninashona sare za shule, na nimezoea kukagua mshono mpaka mwisho. Nilikaa na mkataba ule siku nne, mama akinitania kwamba nimekuwa wakili wa cherehani. Ukurasa wa tisa ulisema kampuni ikiacha kuushughulikia mchezo, itamrudishia mtengenezaji au mrithi wake maneno ya siri ndani ya siku thelathini.

Nikaanza kupiga simu kila Jumatatu. Waliniambia nisubiri, kisha wakaniambia nipige baadaye. Jumatatu ya sita alipokea msimamizi mwenyewe, na sauti yake ilionyesha amenichoka.

"Dada yangu, mchezo ule tulishaachana nao."

"Kabisa?"

"Kabisa. Hapa hakuna anayeushughulikia."

"Basi niandikie hivyo, kaka, nisikusumbue tena."

Akaandika siku hiyo hiyo, mistari miwili na muhuri. Niliiambatanisha na ukurasa wa tisa na cheti cha urithi, nikavipeleka mwenyewe ofisini kwao, na sikuondoka mpaka mtu wa mapokezi aliposaini kwamba amevipokea.

Maneno ya siri yalifika siku ya ishirini na tisa. Mchoraji alipakia marekebisho akiwa mezani kwetu, mama amesimama nyuma yake. Mama akauliza kama wachezaji, wageni wote hao, watavua viatu wakiingia jikoni kwake. Mchoraji akamjibu kwamba bibi fundi hutembea peku tangu mwanzo wa mchezo, ndivyo mwanawe alivyotaka. Mama akavuta kiti, akakaa.

Nyumba ya kumi na moja sasa inaingilika. Barua za wachezaji zinakuja kwangu, nami huzijibu kila asubuhi kabla ya kukaa kwenye cherehani.