Mwigizaji Aliyeshuka Jukwaani

Cora Hadley alianza kuigiza kwao Marekani akiwa msichana mbichi, na kwa miaka mingi picha yake ilibandikwa kwenye kuta za kumbi za maonyesho, mji hadi mji. Kisha masikio yakaziba. Hakuna aliyemfukuza, waliacha tu kumwita. Ndipo alipomfuata dada yake, muuguzi wa misheni, hadi Embu, miaka michache baada ya uhuru, akawa anafundisha maigizo chuoni.

Rahema, fundi cherehani wa Majengo, alimfahamu kwa kuwashonea wanafunzi mavazi. Cora alizoea kukaa barazani kwake, akimtazama midomo ili ajue anasema nini. Urafiki wao ulikolea hapo, chai ya tangawizi mkononi.

Mwaka wa sabini na tatu wanafunzi walitunga mchezo wa mama mzee anayefukuzwa shambani na wanawe, wakamwomba Cora, mwalimu wao, awe huyo mama. Akakataa.

"Nitajuaje zamu yangu, na wenzangu wakinipa mgongo?"

"Mimi nitakaa mbele," Rahema akasema. "Zamu yako ikifika nitavuta mtandio. Wewe niangalie mimi tu."

Jumamosi hiyo alasiri ukumbi ulijaa pomoni. Cora alipofungua kinywa, Kiswahili chake cha kubabaisha kiligeuka kilio cha mama wa kweli. Wanawake wa sokoni wakajifuta machozi. Rahema alivuta mtandio, akavuta tena, moyo umemjaa fahari.

Mara Ismael, nduguye, akapenya katikati ya watu, akamwinamia.

"Dada, mama ametutoka."

Rahema akainuka akatoka. Hata hakukumbuka kwamba kuna mchezo.

Karibu na msikiti akasikia viatu nyuma yake. Alikuwa Cora, bado kajitanda kanga kuukuu za mchezo, jivu usoni. Kule ukumbini watu walikuwa wakipiga miluzi.

"Mwalimu, rudi! Hujamaliza."

"Nilisoma midomo ya Ismael," Cora alisema, akitweta. "Mwanangu alikufa nikiwa jukwaani, Rahema. Waliniambia mchezo ukiwa nusu. Nikaumaliza. Watu walisimama kunipigia makofi. Nilipofika hospitali, walikuwa wameshamfunika."

Rahema akamshika mkono, wakaenda.

Cora alikaa mkekani na wanawake siku zote za matanga, hasikii kisomo, hasikii vilio, ila Rahema akilia naye akilia.

Chuoni mkuu alisema amewaaibisha mbele ya wageni, wala hakumpa mchezo mwingine. Naye hakuomba. Mwaka uliofuata, dada yake alipostaafu, wakarudi kwao pamoja, na Rahema hakupata habari zake tena.

Mjini likabaki simulizi kwamba yule mzungu alisahau maneno akatoroka kwa haya. Mwanzoni Rahema alikuwa akibishana nao. "Hakusahau! Alikuja kwangu msibani!" Wakawa wanacheka. Miaka ilivyosonga akachoka, na lilipozuka tena barazani aliinamisha kichwa tu, akaendelea kushona.