Nanga na Mwangwi

Mkwe wangu, mke wa mwanangu, alipiga simu siku ya Jumatano. Duka la miwani analofanyia kazi linafungua tawi katika mji mwingine, na yeye amekubali kuhamia huko. Nilimuuliza swali moja tu: Jumamosi utakuja kucheza? Akasema, "Nitakuja, Baba. Mara ya mwisho." Basi nikajua nina Jumamosi moja ya kumbakiza.

Alikuwa tayari ameondoka nyumbani kwa mwanangu na kwenda kukaa kwa dada yake. Habari hiyo nilipewa na mwanangu mwenyewe, amesimama mlangoni na mkoba wake wa spana begani. "Amehamia kwa dada yake," alisema, kisha akauliza kama bomba la jikoni bado linavuja. Mwanangu ni fundi wa lifti. Anashinda ndani ya mashimo ya majengo marefu, peke yake na tochi, na kupata neno kwake ni kama kumng'oa jino. Nilimuuliza wamegombana nini. Akasema hawajagombana. Mtoto hawakujaliwa, lakini hilo halikuwa tatizo lao. Lingekuwa hilo ningeshukuru, maana lingekuwa na pa kushika.

Hata hivyo, kila Jumamosi alasiri walikuwa bado wanakuja kwangu kucheza, kila mmoja kwa njia yake. Nikawa najipa moyo kwamba mtu anayekuja mezani bado hajaondoka.

Mchezo wenyewe aliuleta mkwe, mwaka ule alioolewa. Hauna ubao wala karata. Watu wanakaa mezani, kila mmoja anajitengenezea shujaa mwenye nguvu zisizo za kibinadamu, na mmoja wao, anayeitwa msimulizi, anaeleza mji, hatari na maadui. Msimulizi akisema jengo linaungua, wewe unasema shujaa wako anafanya nini, kisha unatupa dadu kuona kama umefaulu. Msimulizi ni mimi. Kitabu cha sheria ni kinene kama tofali na kimeandikwa kwa lugha ya watu. Nilikisoma chote, kamusi pembeni, na sasa hakuna anayenibishia sheria isipokuwa mdogo wangu wa kike, ambaye hajakifungua.

Shujaa hujengwa kwa pointi. Kila mchezaji hupewa sawa na mwenzake, azigawe anavyotaka: nguvu kiasi hiki, mbio kiasi hiki, akili kiasi hiki. Pointi zikiisha na bado una hamu, unaruhusiwa kujitwisha udhaifu, na kadiri udhaifu unavyouma ndivyo unavyoongezewa pointi. Mdogo wangu ni mshonaji, akatengeneza Bi Sindano, anayeweza kushona chochote kilichochanika, hata barabara. Udhaifu wake ni kwamba hawezi kuacha ubishi katikati.

"Shangazi, huo si udhaifu," mwanangu alimwambia siku ile. "Hiyo ni picha yako ya pasipoti."

Mwanangu mezani alikuwa mtu mwingine kabisa. Alitania, alipanga vita, aliiga sauti za maadui. Shujaa wake aliitwa Nanga: akisimama mahali, hakuna kinachoweza kumsogeza. Mkewe alitengeneza Mwangwi, mwenye sauti inayovunja chuma. Ila Mwangwi hawezi kuanza. Lazima mtu aseme kwanza, ndipo yeye ayarudishe maneno yale yale yakiwa na nguvu. Nilimwambia udhaifu huo ni mkubwa mno, atakwama. Akasema, "Lakini nimepata pointi nyingi, Baba."

Kisha wakachanga pointi zao wakanunua nguvu ya pamoja. Hiyo hupatikana kwa nusu ya pointi, kwa sababu hakuna anayeweza kuitumia peke yake. Waliiita Ukuta. Nanga anasimama, Mwangwi anamwegemea mgongo kwa mgongo, na sauti yake inapita mwilini mwa Nanga na kuganda hewani kama jiwe. Sisi wenyewe tuliongeza desturi ambayo haimo kitabuni: wanaojenga Ukuta hukaa viti vinavyogusana, na hushika pamoja kifuniko cha chupa ya chai, ambacho ndicho tunachotikisia dadu. Tangu mkwe ahamie kwa dada yake, Ukuta ulikuwa haujajengwa. Mwanangu alikaa upande wa dirisha, yeye upande wa mlango, na Shangazi katikati yao kama mzigo uliosahauliwa.

Kwa hiyo nikatunga bwawa.

Nilifanya kazi hiyo siku mbili kwa uangalifu. Juu ya mji nikaweka bwawa kubwa. Adui wetu wa siku zote, Daktari Kutu, ambaye kila chuma anachogusa hulika, nikampeleka kwenye malango ya bwawa hilo. Nikaziba njia zote nyingine. Anayeruka, upepo mkali. Anayezamia, matope. Mwishoni kibaki kitu kimoja tu cha kuuokoa mji.

Shangazi alikuja mapema kunisaidia kupanga viti, akaniona navisogeza viwili karibu karibu.

"Kaka, unataka kufunga ndoa kwa dadu?"

"Ndoa ilishafungwa. Mimi nakaza nati."

"Wewe si ulikuwa kiwandani? Hujawahi kuona nati iliyokatikia mkononi mwa mtu?"

"Kaa pale," nikamwambia. "Na leo usimalize biskuti kabla wenyewe hawajafika."

Mwanangu alifika kwanza. Mkwe alikuja baadaye kidogo, mabega yamelowa manyunyu, akatusalimia wote vizuri, na mumewe pia, kwa sauti ile ile aliyotumia kwetu. Sikuupenda usawa ule. Lakini tukaanza.

Nilieleza Daktari Kutu akipapasa malango. Nilieleza mlio wa chuma kinacholika, na mji kule chini, watu wameanika nguo, hawajui. Bi Sindano akaenda mbio kushona ufa.

"Uzi wa kawaida hautoshi," nikasema.

"Nani kasema wa kawaida? Natumia nyaya za umeme."

"Zimelika kutu."

"Nyaya za shaba hazishiki kutu."

"Shangazi," mwanangu akasema, "mji unazama wewe unafundisha kemia?"

"Mji uzame kwa haki," akajibu, akatupa dadu, akashindwa, akalalamika kwamba meza imeinama.

Lango la kwanza likang'oka. Nikamtazama mwanangu, nikamtazama mkwe. Maji yalikuwa yanakuja, nao wote wawili walijua sheria.

Mwanangu akainuka. Akaja kukaa kwenye kiti kilicho karibu na cha mkewe. Sikumwambia. Akachukua kile kifuniko, akakinyoosha mbele yake bila kumtazama, na mkwe akaweka vidole vyake upande wa pili.

"Nanga anasimama katikati ya mto," mwanangu akasema. "Maji yamemfika kifuani."

"Mwangwi anamwegemea," mkwe akasema. "Anangoja."

Mwanangu akavuta pumzi. "Niko hapa," akasema, kwa sauti nzito ya Nanga. "Sitoki."

"Niko hapa," mkwe akarudisha. "Sitoki."

Shangazi aliacha kutafuna. Wakatikisa pamoja, dadu zikaanguka, na nilipoinama kuzisoma sikuwa na haja ya kudanganya hata kidogo, ingawa nilishajiandaa. Zilikuwa dadu nzuri kuliko zote za mwaka ule. Nikausimamisha Ukuta. Nikayarudisha maji nyuma yakamzoa Daktari Kutu pamoja na koti lake. Mwanangu akapiga meza kwa kiganja na kucheka, mkwe akacheka naye mpaka bega lake likamgusa begani, na Shangazi akasema yeye ndiye aliyeyachosha maji kwanza. Nilikwenda jikoni kuongeza chai nikijiona mtu aliyeunganisha kitu kwa mikono yake.

Mkwe alinifuata na vikombe. Alivisuuza kimoja kimoja, akavipanga.

"Baba, ulilipanga lile bwawa."

"Kila kitu mimi ndiye ninayekipanga. Ndiyo kazi yangu."

"Nakushukuru." Alisema kweli, si kwa kejeli. "Lilikuwa zuri. Umesikia alivyosema?"

"Nimesikia. Na wewe ulivyomjibu pia nimesikia. Sasa mama, watu wanaoweza kusema vile, wanaachana kwa lipi?"

Alifunga bomba. Lilibaki linadondoka.

"Hajawahi kuniambia hivyo nyumbani," akasema. "Hata mara moja. Nyumbani akirudi ananawa, anakula, anaangalia simu. Nikimuuliza kitu, 'Sawa.' Nikilia, anatengeneza kitu. Juzi juzi nililia, akashusha feni yote akaisafisha. Si mtu mbaya, Baba. Lakini mimi nilikuwa nangoja Jumamosi ili nimsikie mume wangu akiongea. Nikawa nimeolewa mara moja kwa wiki, saa za alasiri, na mtu anayeitwa Nanga."

"Anaweza kujifunza."

"Nilimwambia hayo mwaka jana. Nikamwambia, niambie hata la uongo, kama mezani. Akasema mezani ni mchezo."

Nilichukua kitambaa nikaanza kukausha vikombe.

"Kwa hiyo leo..." nikaanza.

"Leo nimefurahi mpaka nimeogopa. Nimejua ningeweza kurudi kwa sababu ya maneno yale, halafu Jumapili ingefika." Alijifuta mikono. "Naomba unitoe vizuri, Baba. Mwangwi asife. Na usimpeleke safari ya kurudi. Nitoe kabisa, mimi nikiwepo. Sitaki niwe nimetoroka."

Nilimwambia hiyo si kazi yangu kuifanya. Akasema ndiyo kazi yangu, kwa sababu kila kitu ni mimi ninayekipanga.

Tukarudi mezani. Mwanangu alikuwa bado amekaa kwenye kile kiti cha karibu, na alikuwa amemvutia mkewe kiti chake kidogo nje ili apite vizuri. Nilikiona. Mkwe naye alikiona. Hakukaa. Alisimama nyuma yake, mikono juu ya mgongo wa kiti.

Nikasema, "Mji umeokoka. Maji yamerudi bwawani. Asubuhi, Mwangwi anafunga mzigo wake." "Ameitwa mji mwingine, wanamhitaji. Anatembea mpaka kwenye daraja."

"Anabeba nini?" mkwe akauliza.

"Mkoba mmoja. Sauti yake anayo. Udhaifu wake..." Nikafikiri. Msimulizi anaruhusiwa kuondoa udhaifu, ni sheria, ukurasa naujua. "Udhaifu wake nauondoa. Huko aendako anaweza kuanza mwenyewe."

Akainamisha kichwa kunishukuru. Shangazi alikuwa anatazama biskuti, na kwa mara ya kwanza katika mchezo ule hakubisha.

"Nanga amesimama darajani," nikasema. Nikamgeukia mwanangu. Nilikuwa na tumaini, sikatai. Kila mara nilipomuuliza swali hili alikuwa na jibu kabla sijamaliza. "Nanga anafanya nini?"

Mwanangu aliziokota dadu, akazitazama mkononi.

"Nanga anafanya nini?" nikarudia.

"Sijui, Baba."

"Nanga ni wako."

"Ndiyo. Sijui anafanya nini."

Ilikuwa sauti yake ya mlangoni, ya bomba linalovuja. Sikuwahi kuisikia mezani. Mkwe alingoja. Alisimama pale mikono juu ya kiti, akimtazama utosini, na alingoja zaidi ya heshima, zaidi ya hata mimi nilivyoweza kuvumilia, na mwanangu aliendelea kuzigeuza dadu kana kwamba kuna skrubu iliyolegea ndani yake. Midomo yake ilifunguka mara moja. Ikafungika.

"Mwangwi anavuka," nikasema, kwa sababu ilibidi mtu aseme. "Upande wa pili kuna jua. Haonekani tena."

Mkwe akatikisa kichwa kwamba inatosha. Akamkumbatia Shangazi, akamwekea mumewe mkono begani kwa muda mfupi, akachukua mkoba wake. Mimi nikamsindikiza mpaka mlangoni. Manyunyu yalikuwa yamekatika na taa za barabarani zilikuwa zinaanza kuwaka.

"Sijui nitakuwa nakuita nani sasa," akasema.

"Niite ulivyozoea."

Alilifikiria jambo hilo kwa uzito, kama alivyofikiria kila kitu.

"Siku moja ataletwa mwingine hapa, akuite Baba," akasema. "Hatapenda kukuta kuna mtu mwingine analitumia neno hilo."

"Mimi ndiye ninayeitwa. Mimi ndiye wa kuamua."

Akatabasamu, lakini hakukubali. Akanipa mkono, wa kulia ukishikiliwa na wa kushoto, akapiga goti kidogo, kama anavyosalimiwa mzee wa nyumba ya watu. "Haya. Kwaheri," akasema, na hapo ambapo siku zote hufuata neno, hakuweka neno. Akashuka ngazi.

Nilisimama pale. Sikusikia kiti kikisogezwa ndani, wala hatua za mtu anayetoka mbio.

"Kaka, funga mlango," Shangazi akaita. "Mbu wanaingia."

Nikamwambia waache waingie.