Salamu Kutoka Ukingo wa Shimo

Jemutai alizungusha kitufe, na sauti ya Mburu ikatoka kwenye mashine, nzito na yenye mikwaruzo: "...na ng'ombe nao, ni wazima?"

Nyaguthii akashika kichwa. "Ng'ombe gani? Sisi hatuna hata kuku!"

"Labda ni wa majirani," alisema Jemutai, fundi wa mitambo pale kituoni, huku akijitahidi asicheke. "Wiki iliyopita alisalimia wazee wa kanisa. Mumeo alilelewa vizuri kupita kiasi, Mama Warigia."

"Alilelewa na nyanya yake. Na huyo nyanya angekuwa hai leo, ningemwendea nikamwambia neno."

Wiki nzima, na maneno yote yaliyopatikana ni hayo. Nyaguthii alikuwa ametembea kutoka Langas, mtaa wa Eldoret, na Warigia mgongoni, mtoto ambaye siku hizi hakutaka kubebwa wala hakutaka kutembea.

Kituo cha vyombo vya anga kilikuwa Kapseret, katikati ya malisho. Tangu kijengwe baada ya uhuru, madereva hodari wa malori ya mahindi walikuwa wakichukuliwa na kufundishwa kuendesha vyombo hivyo, na Mburu alikuwa mmoja wao. Alipeleka mizigo kwenye makao mapya ya mbali, na njia ya huko hupita ukingoni mwa shimo jeusi, mahali penye mvuto mkali hata mwanga ukitumbukia hautoki. Chombo hulizunguka kwa karibu, kikapata nguvu ya kurushwa mbele kama jiwe la kombeo. Waliokwenda walikuwa wakirudi. Shida ilikuwa saa. Mwalimu wa ngumbaru, masomo ya watu wazima, aliwaeleza akina mama hivi: karibu na shimo, wakati hukwama kama gurudumu kwenye matope ya Aprili, na aliye ndani ya gari hajui, yeye anaona anakwenda tu. Mburu akivuta pumzi kule, huku Eldoret watu wamekula, wamelala, wameamka. Alipoondoka, Warigia alikuwa tumboni. Sasa Warigia alikuwa akikimbia na kujibizana na watu wazima, na kwa Mburu chai ya asubuhi ile ya safari ilikuwa bado haijamtulia tumboni.

Hayo yote Nyaguthii angeyavumilia, kama si shamba.

Kampuni yao ya kununua mashamba ilikuwa imenunua shamba la Kaburu mmoja karibu na Cheptiret, Kaburu aliyefunga virago akaelekea kusini. Hisa za Mburu zilikamilika kabla hajasafiri. Kilichobaki ni kura: kila mwanachama atie mkono kofiani, atoe karatasi yenye namba ya kipande chake. Lakini kamati iliamua kwamba mke hawezi kumpigia kura mume asiyekuwepo, mpaka mume mwenyewe atamke kwamba ameruhusu. Asipotamka, kipande kitapewa mwingine. Basi kamati ikamtumia Mburu swali kupitia kituo: je, unamruhusu mkeo akupigie kura? Jibu lililotakiwa lilikuwa neno moja tu.

Lakini swali lilipelekwa kwa jina la mwenyekiti, Mzee Kinyanjui, ndugu ya baba yake Mburu. Mtoto wa watu angewezaje kumrukia mzee na "ndiyo" kavu, kama anayemjibu tingo wa lori? Akaanza na salamu. Aliuliza hali ya mzee, hali ya mke wa mzee, mvua, mahindi, kanisa. Kwake yeye zilikuwa dakika chache za adabu. Kwa Nyaguthii, mvua ndefu ziliisha na mahindi ya watu yakavunwa.

"Mtumie maneno yangu," alimwambia Jemutai siku hiyo ya ng'ombe. "Mwambie, acha salamu, sema ndiyo."

Jemutai akatazama mlango. Hakuruhusiwa kutuma maneno ya watu binafsi. Akayatuma, bila kutaja jina la mtu.

Kutoka hapo Nyaguthii alipitia mjini, dukani kwa Mzee Kinyanjui. Alimkuta mzee ameketi na Jeconia, karani wa kampuni, uso wa mzee uking'aa kwa furaha.

"Kituo kimenipigia simu, ananiulizia mpaka ng'ombe!" mzee alisema. "Kutoka huko juu! Vijana wa siku hizi wakikutana na mzee barabarani wanatazama viatu vyao."

"Mzee, kura imekaribia. Hajajibu."

"Atajibu. Mtu hakatizwi akisalimia."

"Na sheria ni sheria, mama," Jeconia akaongeza. "Leo tukikukubalia wewe, kesho kila mwanamke atakuja hapa aseme mumewe yuko angani."

"Lakini wangu yuko angani!"

"Ndivyo watakavyosema wote."

Alirudi Langas akitembea kwa kishindo, hata Warigia akauliza barabara imemkosea nini.

Majuma yakapita. Hatimaye Jemutai akamwita haraka: Mburu alikuwa amesikia ule ujumbe. Salamu zilikuwa zimekatika ghafla. Nyaguthii akainama mbele ya mashine, amekaza meno.

"Aa," ilisema sauti ya mumewe. "Samahani sana, wazee wangu."

"Hapana," Nyaguthii akanong'ona. "Hapana, Mburu, tafadhali."

"Nisameheni kama nimewachosha. Sikufanya kwa dharau..."

Alidhani ni wazee waliomkemea. Na mtu aliyefundishwa kusalimia namna ile, kuomba msamaha alifundishwa mara mbili. Nyaguthii alikaa chini kwenye saruji, miguu imenyooka kama ya mtoto, akacheka mpaka machozi yakatoka, na yalipotoka hayakuwa tena ya kicheko.

Siku ya kura watu walijaa kwenye ua wa nyumba aliyoiacha yule Kaburu. Mzee Kinyanjui aliketi kwenye kiti, kofia yenye karatasi imelala mapajani pake, na Jeconia akasimama kando akiita majina. Mmoja mmoja wakaja, wakachota, wakaenda wakishangilia au wakiguna.

"Mburu!" Jeconia akaita. "Hayupo. Kituo kinasema bado anaomba msamaha."

Watu wakaangua kicheko. "Si mumsamehe basi!" akapaza sauti mwanamke mmoja, Priscah.

"Tumemsamehe," Jeconia akajibu. "Ni yeye hajamaliza."

Nyaguthii akasimama, mtoto mkononi. Akapenya katikati ya watu mpaka mbele ya kiti cha mwenyekiti.

"Wazee, zile salamu mlizisikia. Mlizifurahia, kila mmoja na yake. Mtu amewaheshimu mpaka shamba linamponyoka. Heshima hiyo mmeila nyinyi. Mimi na huyu mtoto tule nini?"

Hakungoja jibu. Akanyoosha mkono, akautia kofiani.

Hapo ndipo wazee walipokwama. Kinyanjui alikuwa kama baba mkwe wake, na baba mkwe hamshiki mke wa mwanawe mkono, sembuse mbele ya kadamnasi. Mzee akabaki ameinua mikono yake miwili juu, kama aliyemwagikiwa na uji. Jeconia akaruka, kisha akaona kwamba ili amzuie itambidi apekue mapaja ya mwenyekiti. Akarudi nyuma. Nyaguthii akatoa karatasi, akaikunja ndani ya ngumi.

Mzee akakohoa kwa muda mrefu.

"Andika," akamwambia Jeconia. "Lakini kwa penseli. Mpaka Mburu aseme mwenyewe."

Kipande kilikuwa bondeni, penye maji na manyasi makali. Nyaguthii alichimba mfereji, akapanda viazi, na kila jembe liliposhuka alikumbuka kwamba analima ardhi ya penseli, na kwamba Jeconia ana raba.

Jumamosi akaenda tena Kapseret, matope yamemkaukia miguuni. Jemutai akazungusha kitufe.

"...na hata mke wangu Nyaguthii namwomba radhi," ilisema sauti, kwa upole uleule uliomfanya akubali kuolewa, "pengine naye amengoja kidogo."

"Kidogo!" Nyaguthii akapiga meza. Warigia akashtuka, kisha akaegemeza sikio kwenye mashine kuona kama itasema tena.

"Tumtumie nini?" Jemutai akauliza.

Maneno aliyokuwa ameyatayarisha njiani yalikuwa makali, na yalikuwa mengi. Akamtazama mtoto, akayameza karibu yote.

"Mwambie kipande tumepata, na mtoto ni msichana. Salamu usiweke hata moja. Atazijibu."