Wageni wa Kwanza wa Nyumba ya Austine

Mokeira hakuwa mtu wa kusema jambo kabla ya kulipima. Alifundisha kemia Kisii miaka kumi na mmoja, kisha akafanya kazi katika maabara ya hospitali moja huko Minnesota miaka ishirini na sita, na katika kazi zote mbili aliwaona watu wengi wakidhani kitu, halafu wakakiandika kana kwamba wamekiona. Ndiyo maana kosa la kule Rangwe lilimkera kuliko lilivyowakera wengine. Alilifanya yeye mwenyewe, mchana kweupe, mbele ya watu wasiopungua themanini.

Yeye na mumewe, Ombui, walikuwa katika mwaka wao wa tatu wa utumishi. Kila kiangazi cha Marekani kilipoanza walipanda ndege kuja kukaa na vijana wa Kanisa la Waadventista, wale wanaoitwa Watafuta Njia. Waliwafundisha huduma ya kwanza, kusoma ramani, kufunga mafundo ya kamba na masomo ya Biblia, kisha wakawapima kabla hawajavishwa skafu kwenye makambi ya Agosti. Mokeira alikuwa na miaka sitini na saba. Ombui alikuwa na sabini na mmoja, na mgongo uliopasuliwa mara mbili. Barua ya kanisa iliwaita wamishonari wazee. Ombui alisema kwamba katika maneno hayo mawili, ni la pili tu lenye ushahidi.

Migori walikaa wiki tatu. Vijana wengi wa kule walikuwa watoto wa Wakisii wenzao waliohamia mjini kufanya biashara, na kila Sabato wawili au watatu wao walisimama kutoa shukrani, wakamaliza kwa kuwaita baba na mama. Mokeira aliitikia. Kufikia Sabato ya tatu alikuwa na watoto saba wapya, Joyline na Nyatichi wakiwa wa kwanza, na jambo hilo halikumsumbua mtu, kwa sababu wao walilala katika chumba cha kupanga nyuma ya kanisa, mali ya mjane ambaye hakuwa ndugu wa yeyote kati yao.

Ijumaa ya nne wakahamia Rangwe. Gari la kukodi liliwapitisha Rongo, na saa kumi kasorobo walikuwa wameketi mbele ya kanisa la mbao, soda mikononi, wakipokewa. Mzee wa kanisa alikuwa Omanga, Mkisii mwenye duka la vipuri vya pikipiki pale sokoni. Alimsimamisha kiongozi wa vijana, Austine, fundi seremala wa miaka ishirini na minne, mrefu, mwenye kidole gumba chenye kovu la msumeno.

"Huyu ndiye atawakaribisha kwake siku zote kumi," Omanga alisema. "Wazazi walifariki akiwa darasa la tano. Amelelewa na nyanya yake."

Mokeira alisimama. Baadaye alijaribu kukumbuka kama alifikiri kwanza, na jibu la kweli lilikuwa hapana.

"Kuanzia leo ana wazazi," alisema. "Huyu ni mwana wetu." Akamshika Austine bega, akarudia: "Mwana wetu."

Makofi yalipigwa mpaka mabati yakaitikia. Austine aliinamisha kichwa akatazama viatu vyake. Kwenye benchi la nyuma kulikuwa na mwanamke mzee mwembamba, kitambaa cha buluu kichwani, ambaye hakupiga makofi.

Walimkuta tena mlangoni kwa Austine. Alikuwa ametangulia kwa miguu kupitia njia ya mkato, na sasa alisimama mbele ya nyumba mpya ya mjukuu wake kama mtu anayesubiri basi. Huyo ndiye Dani Peres. Dani ni nyanya kwa Kijaluo, na kijijini hakuna aliyemwita kwa jina lingine.

"Mizigo iingie," alisema. "Wao wasiingie."

"Dani, wageni wamechoka," Austine alisema.

"Nani amewakataza kukaa? Leta viti hapa nje."

Viti vikaletwa. Dani Peres hakukaa.

"Mama, pale kanisani ulisema huyu ni nani wako?"

"Mwanangu," Mokeira alijibu.

"Mara ngapi?"

"Mara mbili."

"Na watu wakapiga makofi."

"Walipiga."

"Basi. Hii ni simba, nyumba ya kijana ambaye bado hajaoa. Mzazi halali kwa nyumba ya mtoto wake. Kisii hamna hiyo?"

Ombui alikuwa akinyoosha mgongo kwa kushikilia nguzo ya baraza. Aliiachia. "Tunayo," alisema polepole, akimgeukia mkewe. "Chinsoni. Mama Mogire, tunayo kabisa."

Mokeira alijua kwamba wanayo, miiko ya heshima kati ya mzazi na mtoto. Alikua akiona baba yake akiongea na kaka zake akiwa amesimama uani, bila kuvuka kizingiti chao hata mvua iwe inanyesha. Lakini kwa miaka kumi na mmoja iliyopita yeye na Ombui walikuwa wakiishi chini ya paa la mtoto wao Mogire huko Minnesota, katika chumba cha chini chenye bafu lake, na mtu akikaa mahali miaka kumi na mmoja huacha kuona kuta. Angeweza kumwambia Dani Peres kwamba kwa miaka hiyo yote hakuna aliyekufa kwa kuvunja mwiko. Ingekuwa kweli, na isingesaidia.

"Tunaweza kulala kwako basi," alisema.

Dani Peres alicheka hadi akashika mbavu. "Kwangu! Kama wewe ni mama ya Austine, huyu bwana yako si ni mtoto wangu? Mtoto wangu mzima aje alale na bibi yake kwa nyumba ya mama yake! Nyinyi mmeishi wapi?"

"Minnesota," Ombui alisema kwa unyenyekevu.

"Huko hakuna wazee?"

"Wapo, Mama. Wamewekwa nyumba yao kando."

Omanga alifika kwa pikipiki, akasikiliza, akaangalia saa. Jua lingezama saa kumi na mbili na dakika hamsini, na baada ya hapo ilikuwa Sabato: hakuna kubeba mizigo wala kutafuta gesti ya kulipia kule Homa Bay mjini. Ombui hangeweza kulala chini pamoja na wavulana kanisani. Daktari wake alisema hivyo, na mgongo wake ulikuwa umelithibitisha neno hilo kule Migori, siku ambayo godoro lilipelekwa kuanikwa na halikurudi kwa wakati.

"Kuna chumba nyuma ya duka langu," Omanga alisema. "Kitanda kipo. Tuhame sasa, tusibishane na jua."

"Ni sawa," Austine alisema.

Aliingia ndani. Kupitia dirisha Mokeira alimwona akivua shuka kitandani na kuikunja mara nne, pembe kwa pembe. Chumba kilikuwa na sakafu ya saruji ambayo bado ilikuwa na harufu ya upya, pazia lenye alama za mikunjo ya dukani, na kitanda cha mbao za mkaratusi, kirefu kwenda juu kuliko vitanda vya kawaida. Hapo akakumbuka simu ya wiki iliyopita. Austine aliwapigia Migori kuuliza Mzee akiketi kitandani magoti yake yawe juu kiasi gani, na Ombui, akidhani ni mazungumzo tu, alijipima kwa rula ya Nyatichi akampa jibu la sentimita.

Nje ya ua vijana wapatao kumi, waliofika mapema kutoka Lambwe, walikuwa wamesimama na mabegi yao wakijifanya hawaoni kitu. Hao ndio Austine angewaongoza wiki nzima. Wangerudi kwao na habari ya nyumba ambayo wageni wake wa kwanza waligeuzwa mlangoni, na habari hiyo ingekaa Rangwe muda mrefu kuliko Mokeira.

Mokeira hakuamini kwamba kulala mle kungemletea mtu ugonjwa. Lakini aliamini kwamba Dani Peres anaamini, na majirani pia, na kwamba ikiwa ng'ombe wa Austine atakufa mwezi wa Novemba, sababu itakuwa inajulikana. Hilo nalo lilikuwa jambo la hakika, na lilifaa kushughulikiwa kama mambo mengine ya hakika. Njia ya kwanza ilikuwa kulikana neno lake na kumwacha kijana bila wazazi mara ya pili. Njia ya pili ilikuwa kwa Omanga. Alizichunguza zote mbili na hakupenda hata moja.

Ndipo akajiuliza chinsoni inapita wapi hasa. Inapita kati ya mzazi na mtoto. Yeye mwenyewe alilala kwa nyanya yake hadi alipopelekwa shule ya bweni, na babu yake alimwita mke wangu mbele ya watu, akimdai chai.

"Mama Peres," alisema. "Wewe unaweza kulala humu?"

"Mimi? Hata leo. Huyu ni bwana yangu mdogo, lazima anipikie uji."

"Kwa sababu ni mjukuu."

"Mjukuu hana aibu na mtu."

"Mtu akisema neno la ukoo vibaya, linarekebishwa vipi?"

Dani Peres alimtazama kwa makini kwa mara ya kwanza. Ilionekana ameshafika mahali ambapo swali lilikuwa linaelekea. "Ulisema kwa mdomo. Sema tena kwa mdomo. Lakini mbele ya hao hao waliopiga makofi."

Mokeira hakukubali papo hapo. Kulikuwa na jambo moja ambalo halijapimwa. Austine alikuwa na nyanya tayari, na mwenye nguvu. Aliyemkosa ni mama. Akamwita nje, akamweleza yote mawili waziwazi, bila kulainisha: yeye Mokeira akibaki mama, atalala kwa Omanga leo na kila mwaka atakaokuja. Akiwa nyanya, neno la kanisani litaondolewa.

"Chagua wewe," alisema. "Mimi nilichagua bila kukuuliza, na unaona tulipofika."

Austine aliishika ile shuka iliyokunjwa kifuani.

"Mama yangu angekuwa hai," alisema, "hangelala kwangu hata siku moja. Angekaa hapo nje kwa kiti, anywe chai, aende kwake. Sasa mimi nimetengeneza kitanda. Nyanya anaweza kukilalia. Mimi nataka mtu akilalie."

"Umesikia hiyo?" Ombui alimwuliza mkewe.

"Nimesikia."

Saa kumi na mbili na nusu kanisa lilijaa tena kwa ibada ya kufungua Sabato. Dani Peres alikuja pia, akaketi benchi la mbele. Yeye alikuwa Mkatoliki wa misheni ya Asumbi tangu kubatizwa, na alimtangazia kila aliyemsalimu kwamba jua lao halimhusu, amekuja kama shahidi.

Mokeira alisimama. Alisema kwamba saa kumi alikuwa amekosea daraja, kwamba umri wake na wa Austine unaonyesha wazi anafaa kuwa nyanya yake, na kwamba kuanzia sasa yeye na Ombui ni nyanya na babu. Kicheko kilianzia kwa wazee na kushuka hadi kwa vijana, maana hakuna aliyehitaji kuelezwa.

Lynnet, msichana wa miaka kumi na saba aliyekuwa karani wa chama, aliinua mkono. "Mama, na mimi nilishaandika kwa kitabu ati ni mwana wenu. Na ni wino. Nikwangue na wembe?"

"Usikwangue. Likate neno kwa mstari mmoja katikati, lisomeke bado. Andika mjukuu juu yake, tarehe, na sahihi yako pembeni."

"Wueh. Kwa hivyo Austine amepanda cheo ama ameshushwa?"

"Amehamishwa."

Dani Peres alikuwa bado hajamaliza. Alisimama akamkabili Mokeira, mikono kiunoni. "Kama wewe ni nyanya ya huyu kijana na mimi ni nyanya yake, basi wewe ni nyieka. Mke mwenzangu. Umekuja na ndege kuninyang'anya bwana."

"Wangu ni huyu," Mokeira alisema, akimwonyesha Ombui.

"Huyo pia. Nimemwangalia, si mbaya."

"Mama, mgongo wangu ni mbovu," Ombui alisema. "Hapa hakuna cha kugawana."

Omanga alilazimika kuanzisha wimbo ili ibada iendelee. Walipotoka, magharibi ilikuwa nyekundu upande wa ziwa, na mizigo haikuwa imehama, kwa hiyo hakukuwa na haja ya kuibeba. Austine alifungua mlango akasimama kando. Ombui aliingia kwanza, akaketi kitandani. Nyayo zake zilitua sakafuni bapa, magoti yakiwa sawa na nyonga, kama daktari alivyoagiza. Alikaa hivyo bila kusema kitu, jambo ambalo Mokeira alilihesabu kuwa sifa kubwa.

Dani Peres aliingia bila kukaribishwa, akabonyeza godoro kwa ngumi, akachunguza pazia, kisha akaketi upande wa pili wa kitanda.

"Dani, chai," Austine aliita kutoka sebuleni, na wanawake wawili wakaitika.

Chai ilikuwa kwenye chupa tangu alasiri na bado ilikuwa moto. Austine alimmiminia Dani Peres kwanza, maana ndiye mke mkubwa, na Mokeira, aliyelifikiria jambo hilo kwa kadiri lilivyostahili, hakuona hoja ya kupinga.