Mikono Iliyomshika Bi Mkubwa

Bi Mkubwa alikuwa mbwa wa kilo moja na robo, na jina hilo tulimpa kwa utani. Ukimweka kwenye kiganja anaenea, mkia tu ndio unaning'inia. Alikuwa jike la kwanza la mdogo wangu, aliyeamua kufuga na kuuza mbwa wa aina hii baada ya mumewe kuondoka. Wanunuzi wake walitaka mbwa wa kupiga naye picha akiwa amekaa ndani ya kikombe cha chai. Kadiri mbwa anavyokuwa mdogo ndivyo wanavyomgombania.

Mimi nilikuwa mkunga kwa miaka thelathini na moja. Nilipostaafu nilihamia kwa mdogo wangu, nikapewa chumba cha nyuma karibu na jiko, nikidhani mambo ya kuzalisha nimeachana nayo. Kumbe ndiyo kwanza naanza.

Kuna jambo ambalo wanunuzi hawaambiwi. Mbwa wa kimo kile hapati watoto bila mtu. Dume letu, Kisoda, alikuwa mdogo hata kuliko jike, hamfikii. Ilibidi Bi Mkubwa awekwe juu ya meza ya jikoni kwenye taulo, Kisoda ainuliwe kwa kamusi nene chini ya miguu yake ya nyuma, na mtu awashike wote wawili mpaka shughuli iishe. Mtu huyo nilikuwa mimi. Cheka ukitaka, hata mimi mara ya kwanza nilicheka mpaka kamusi ikaanguka. Kuzaa nako hawezi, kichwa cha mtoto hakipiti, lazima daktari wa wanyama ampasue.

Uzao wa pili walitoka watatu, wawili wakiwa wafu. Wa tatu tulimwita Punje. Mizani ya jikoni ilisema gramu sitini na mbili. Utosi wake ulikuwa laini kama wa mtoto mchanga wa binadamu, tofauti ni kwamba wa mbwa hawa mara nyingi haufungi maisha yao yote. Kila asubuhi saa moja tulimpima, na Bi Mkubwa alikaa chini ya meza akitazama juu mpaka nimrudishie mtoto wake. Kila baada ya saa mbili nilimdondoshea Punje maziwa, na sukari yake mwilini ikishuka nilimpaka asali kwenye ufizi. Muda mwingi uliobaki alikaa kifuani mwangu ndani ya blauzi. Mimi sikujaliwa mtoto. Nimepokea wa wenzangu mamia, nikawafuta, nikawakabidhi. Kwa huyu hakukuwa na mtu wa kumkabidhi.

Alikufa siku ya kumi na tisa, saa nne asubuhi, nikiwa namimina chai. Sikusikia chochote. Nilihisi tu kwamba kifua kimepoa.

Kesho yake, saa moja kamili, Bi Mkubwa alikuja jikoni amebeba soksi yangu mdomoni. Akaiweka chini ya meza penye mizani, akakaa, akatazama juu. Nilimfukuza. Kesho yake akaja tena. Siku ya tatu niliiokota ile soksi, nikaiweka kwenye mizani, nikamrudishia, naye akaibeba taratibu kwenda kuilamba kitandani kwake. Hivyo ndivyo tulivyoishi miezi mitano. Usinicheke hapa. Nilikuwa naamka mapema nisimcheleweshe, na kuna asubuhi niliapa soksi ile ina joto.

Daktari alipomkagua Bi Mkubwa mshono wa uzao ule aliniambia mimi, si mdogo wangu, kwa kuwa tunaelewana lugha.

"Mama, kizazi hiki kimechoka. Akishika mimba tena, atawafia mikononi."

"Nimekusikia."

"Kusikia si kazi. Msimpandishe."

Joto la kutaka dume lilipomjia tena, mdogo wangu alitandika taulo mezani bila kuniuliza.

"Daktari amekataa," nikamwambia.

"Madaktari kazi yao kutisha watu. Dada, mara hii tu. Kuna mama anasubiri mtoto wa Bi Mkubwa tangu mwaka jana."

"Mwambie akanunue kikombe, anywee chai."

Hakucheka. Alikaa kwenye kiti, akasema polepole, "Basi usifanye kwa ajili yangu. Wewe mwenyewe huna hamu ya kumpata Punje mwingine?"

Ndugu anajua pa kugusa. Ningeweza kusema alinilazimisha, na watu wangeniamini, maana mdogo wangu ana ulimi. Lakini hakunilazimisha. Nilinawa mikono kama nilivyozoea kazini, nikamshika Bi Mkubwa. Alikuwa anatetemeka. Alipotambua ni mimi, akatulia, akanilamba kifundo cha mkono.

Baada ya siku sitini na moja daktari alimpasua. Nilikuwa nimesimama pale pale, na damu niliiona kabla yake. Miaka yote ya ukunga haikunifaa kitu. Mtoto alikuwa mmoja tu, akapumua. Nilimsugua, nikatoka naye barazani alikokuwa mdogo wangu.

"Bi Mkubwa amekufa," nikasema.

Alilia, sitamsingizia. Kisha akajifuta kwa upindo wa khanga akauliza, "Jike au dume?"

"Jike."

"Basi Bi Mkubwa hajafa," akasema, akanyoosha mkono ampokee.

Sikumpa. Niliondoka siku ile ile na mtoto ndani ya blauzi, nikapanga chumba upande wa pili wa mji. Mdogo wangu ananiita mwizi, na kweli nimeiba. Mtoto ameishi. Ana gramu mia tisa, utosi haujafunga, na sijampa jina.

Juzi joto lake la kwanza lilianza. Nilikuwa namfuta kwa kitambaa nikajikuta nawaza, taratibu kabisa, watoto wake watakuwa wadogo kiasi gani. Wazo halikunishtua. Lilikaa kama mgeni anayejua nyumba. Nilipozinduka nilimbeba mbio mpaka kwa daktari, nikamwomba amtoe kizazi siku hiyo hiyo.

Daktari alimweka kwenye mizani, akatikisa kichwa. "Kwa udogo huu dawa ya usingizi itamuua, mama. Mwache. Hakikisha tu hakutani na dume. Una dume nyumbani?"

"Sina. Tupo wawili tu, mimi na yeye."

"Basi yuko salama," akasema, akanirudishia mikononi.