Rimu za Mshika Bendera

Milisav alisubiri miaka kumi na mitano aombwe kushika bendera ya harusi. Siku dada yake alipomwambia kwamba safari hii zamu ni yake, kwa kuwa anayeoa ni mpwa wake Dragutin, alitokwa na machozi mbele ya watu. Kwao Serbia mshika bendera ndiye anayeongoza msafara kwenda kumchukua bibi harusi, na hakuna gari linalothubutu kumpita. Akipitwa, ndoa imeingia mkosi, na lawama atazikwa nayo.

Sasa mtu mwenye akili zake angekagua breki. Milisav akaenda kununua rimu! Inchi kumi na tisa, zinang'aa kama masufuria ya mke wa padre, maana kwao mapadre huoa, na tairi pana za bei rahisi, ngumu kama ubao. Gari lenyewe lilikuwa na umri wa bwana harusi na nguvu za babu yake.

Vukosava, fundi aliyerithi karakana ya tairi kwa baba yake, aliinua gurudumu moja, akalitua, akaguna. Akamweleza taratibu kwamba hili ni zito karibu mara mbili ya lile la zamani. Mzigo wa kwenye buti injini inauvuta tu, lakini gurudumu zito inabidi ilivute na ilizungushe pia, kisha breki nazo zihangaike kulisimamisha. Na tairi pana isiyo na meno, kwenye tope itaelea tu, haitashika.

"Hizi ulizokuja nazo ndizo za kupandia ule mlima," alisema, akizigonga zile nyembamba kuukuu.

"Fundi, naenda harusini, siendi kubeba viazi."

"Viazi angalau vinafika," alisema Vukosava, akachukua spana.

Jumamosi mvua ikanyesha. Magari ishirini na mawili yakaondoka kwa honi na akodioni, Milisav mbele, bendera ameifunga dirishani. Kwenye lami watu walitoka kutazama rimu, naye akapunguza mwendo ili wazitazame vizuri. Kisha lami ikaisha, mlima ukaanza.

Gia ya tatu, gari likanung'unika. Ya pili, likakohoa. Ya kwanza, magurudumu yakazunguka palepale, yakimrushia bwana harusi, aliyekuwa gari la nyuma yake, tope kwenye kioo. Milisav akakanyaga mafuta, na gari likarudi kinyumenyume, polepole, kiungwana, likatua mtaroni.

Njia ilibaki wazi kabisa. Magari ishirini na moja yangeweza kupita, na hakuna lililopita. Wazee wakajadiliana kwenye mvua: huyu anasema bendera ihamie gari jingine, yule anasema bendera ya harusi haihami. Huko juu bibi harusi alikuwa ameshangoja saa nzima, na baba yake alikuwa amepiga simu mara mbili, ya pili bila salamu. Dada yake Milisav akashuka, akakanyaga tope na viatu vyake vya sherehe.

"Kaka, mwanangu ataoa leo au hataoa?"

Swali lile lilimchoma. Akaifungua bendera, akaanza kupanda kwa miguu. Hatua ya tatu akaanguka chali, maana hata viatu alivinunua kwa kung'aa, soli laini kama tairi zake. Lakini mkono wenye bendera ulibaki juu. Vukosava, aliyekuwa mwalikwa kwenye gari la mwisho, akaja na mabuti yake ya mpira ya karakana, soli zina meno ya kutisha.

"Vaa," alisema.

Akavaa. Kilomita mbili nzima mtu wa suti na mabuti ya mpira alitangulia, na magari yaliyobaki yakamfuata kwa mwendo wa miguu, akodioni ikiendelea kupigwa.

Baba wa bibi harusi alisimama langoni na chupa ya rakija, pombe yao kali ya matunda, matusi yako mdomoni. Akamtazama mgeni kuanzia bendera safi hadi mabuti yenye tope. Matusi akayameza.

"Wengine huja hapa kunionyesha magari," alisema, akimmiminia. "Wewe umekuja kumchukua binti yangu."

Milisav aliitamani mno sifa ile. Angeipokea, wallahi, kama Vukosava asingekuwa nyuma yake, ametulia, anamsubiri.

"Mzee," alisema, "mimi nilikuja na rimu. Mabuti ni ya fundi."