Dizeli ya Kufika Ngenge

Mzee wa kwanza alivua kofia tulipokuwa tunatoka Kemondo. Nilidhani anajipepea. Wa pili alikuwa anasukuma baiskeli yenye mkungu wa ndizi. Akasimama, akaiegemeza kiunoni, akainamisha kichwa mpaka tukapita. Mbele kidogo, wanawake waliokuwa wanaanika kahawa waliacha kazi yao, na mmoja akakaza kanga kiunoni kama mtu anayejiandaa kulia.

"Ali," dada yangu akasema, "hawa wanamsalimia nani?"

Nilikuwa nasikiliza injini.

Vita vilikuwa vimekwisha miaka kadhaa nyuma, lakini Bukoba dizeli ilikuwa bado kitu cha kusimuliwa. Mtu akisema ameona lori la mafuta, aliulizwa ameliota usiku gani. Gari tulilokuwa nalo lilikuwa la baba yetu mkubwa, Mushumbusi wa Nshambya: pikapu ya dizeli, nzito kuliko haja yake. Jeshi lililichukua kubeba unga mpaka mpakani, likamrudishia limevikwa vyuma: ngao nene mbele, fremu ya mabomba juu ya bodi, bamba zima sakafuni. Mzee hakuviondoa hata kimoja. Wenzake walirudi vitani na makovu. Yeye, ambaye hakwenda, alibaki na machuma ya kuonyesha wageni.

Dada yangu Kokushubila alikuwa amepanga chumba Kashai, pale Bukoba mjini. Alikuwa mchuuzi wa dagaa, akivuka kwenda visiwani Muleba kununua kwa wavuvi wa Kisukuma, na sauti yake ilifika sokoni kabla yake. Mwaka ule sauti ilibaki, mwili ukapungua. Wapo waliouita ugonjwa ule Juliana, jina la kitambaa cha magendo kilichokuwa kikitoka ng'ambo ya mpaka. Wengi hawakuuita kitu. Waliacha tu kukaa kwenye kigoda chako.

Alichokitaka Koku kilikuwa kimoja.

"Sirudi Ngenge kwenye sanduku," aliniambia. "Nimeona watu wanavyoshushwa. Nitashuka kwa miguu yangu, nimpigie mama magoti, nimsalimie. Mengine yatafuata yakitaka."

Nilikwenda Nshambya kuomba gari. Baba mkubwa akachukua fito ya mwanzi, akaichovya kwenye tangi, akaitoa na kuigeuza mwangani kama anayekagua mkuki.

"Hii inafika Muleba," akasema. "Kutoka pale mpaka Ngenge mtasukuma."

"Kwa mguu wako, tata, inafika Muleba. Kwa mguu wangu itafika Ngenge."

Alicheka mpaka akakohoa. "Chuoni ndiko walikokufundisha kuendesha gari kwa maneno?"

"Chuoni walinifundisha ufundi wa magari. Maneno nilikwenda nayo."

Nikamwambia machuma yatoke. Hapo kicheko kikaisha. Akaja akasimama mbele ya ngao, mikono nyuma.

"Chuma hiki kimefika vitani, Alistidia."

"Kimefika, tata. Kila kilima kinakunywa dizeli kwa ajili yake. Nani atatupiga risasi kwenye mteremko wa Muhutwe?"

Aliingia ndani, nikajua nimekosa gari. Kisha akatoka na spana, akapiga goti moja kwenye majani, akaanza kufungua bolti za ngao mwenyewe. Zilikuwa zimeshika kutu. Alizipiga, akazitukana kwa Kihaya, akazifungua zote. Fremu ilifuata, na bamba la sakafuni tulilitoa kwa kusaidiana na majirani. Vyuma vikalala uani, na gari likainuka juu ya springi zake kama mtu aliyetuliwa kuni.

Nilisafisha chujio la hewa. Lilikuwa limejaa vumbi la tangu lini sijui. Nilijaza matairi upepo mpaka yakawa magumu, maana tairi laini hulima barabara badala ya kuipita. Godoro la Koku na sanduku lake la nguo nililaza nyuma, nikafunika turubai, nikalikaza kamba mpaka likawa bapa, upepo usipate pa kushika. Watu wa Kashai walipoomba lifti niliwakatalia wote, jambo ambalo kwetu ni matusi. Koku mwenyewe aliegemea mlango, ameteremka kwenye kiti, kichwa chini ya dirisha.

Nikaondoka mwendo wa arobaini. Gia kubwa mapema, mguu mwepesi, na bomba la nyuma halikutoa moshi. Moshi mweusi ni dizeli iliyotoka bila kufanya kazi.

Sasa nadhani umeona kosa lilipokuwa. Mimi sikuliona mpaka Kemondo. Pikapu inayotambaa kutoka mjini, turubai limekazwa juu ya kitu kirefu, dereva peke yake na uso wake mgumu: miaka ile kila mtu kando ya barabara ya Muleba alijua gari la namna hiyo limebeba nini. Na kwamba halikuwa na waombolezaji haikumshangaza mtu. Maiti wa ugonjwa ule nyakati nyingine walisindikizwa na dereva tu.

"Ali. Nimekuuliza."

"Wanakusalimia wewe," nikasema.

Alijiinua kidogo, akatazama nje. Mzee mwingine, kofia kifuani. Akatazama nyuma, akaliona turubai. Tukapita mgomba hadi mgomba, shamba hadi shamba, na watu wakisimama.

"Wananizika," akasema.

Nikakanyaga mafuta. Sikufikiri, mguu ulikwenda wenyewe. Gari likaruka, moshi ukafumuka nyuma yetu mweusi, na kwenye mteremko wa kwanza nilikuwa naendesha kama baba mkubwa. Koku akaniwekea mkono gotini. Ulikuwa mwepesi kama ganda la ndizi.

"Punguza."

"Siwezi kukupitisha hivi."

"Punguza, mpumbavu wee. Unataka nikashukie Muleba, nibebwe? Wacha wavue kofia. Zinawachoma vichwa."

Nikapunguza. Akashusha kioo, akatoa mkono wote na nusu ya kichwa, akaanza kusalimia. Mwanamke mmoja mwenye beseni alipiga yowe, beseni likaanguka. Mwanamume aliyekuwa ameinama aliinuka.

"Waitu, jamani, mnampeleka nani?"

"Mimi!" Koku akapaza ile sauti ya sokoni. "Najipeleka mwenyewe!"

Tulicheka hadi Muhutwe. Pale madereva wengi walikuwa wanazima injini na kuteremka bure, halafu breki zikachemka, wakazikwa na akiba yao ya mafuta. Mimi niliacha gia ndani na kuondoa mguu; injini ikalishika gari, na pampu haikutoa dizeli. Katikati ya mteremko, basi la Muleba likatupita. Kondakta alikuwa ananijua tangu Kashai. Upande aliokaa Koku hakuuona. Aliniona mimi, mwendo wangu na turubai. Akajishika kichwa kwa mikono miwili. Kabla sijapiga honi walikuwa wamekata kona.

Basi lilikuwa linakwenda mwendo wa basi, na sisi mwendo wetu.

Tuliingia Ngenge jua limeinama. Mayowe tuliyasikia kabla ya kuiona nyumba. Uani kulijaa wanawake, kanga viunoni, na mama yetu, Klaudia, amekaa chini katikati yao, miguu ameinyoosha. Nyuma, ndani ya kibanja, kati ya migomba, binamu yetu Aroni alikuwa shimoni mpaka mabegani, anarusha udongo.

Nikazima injini. Hakuna aliyesogea; walikuwa wanasubiri wanaume wa kushusha.

Koku alifungua mlango. Alishusha mguu mmoja, akapumua, akashusha wa pili. Nilizunguka kumshika, akanisukuma kwa kiwiko. Mayowe yalikatika kuanzia mbele kwenda nyuma, mpaka ukasikika udongo wa Aroni tu. Koku alitembea akishika gari, kisha akishika hewa, akafika mbele ya mama, akapiga magoti yote mawili, akamsalimia kama binti anayetoka safari.

Mama aliitikia salamu yote, neno kwa neno, bila haraka. Kisha akajifuta uso kwa ncha ya kanga.

"Chakula hakijaiva," akasema. "Tuliambiwa hutakula."

Baadaye wazee walianza kubishana juu ya shimo. Kwetu kaburi likishafunguliwa haliachwi tupu, na hakuna aliyethubutu kulisema mbele yake. Koku akalisema mwenyewe.

"Aroni, umechimba vizuri. Jaza samadi unipandie mgomba."

Wakapanda. Mimi nilirudi kwenye gari, nikachovya fito. Ilitoka na unyevu kwenye ncha tu.

Mgomba ule ulistawi kuliko yote, na mkungu wake wa kwanza Koku alikula, kidogo. Alifariki msimu wa mvua uliofuata, chumbani kwa mama. Hapakuhitajika gari.

Machuma ya baba mkubwa hayakurudishwa. Yalizama taratibu kwenye majani ya Nshambya, na alipofika mgeni alimwonyesha fito. Mimi bado naendesha barabara ile, mwendo uleule. Mtu akivua kofia, nashusha kioo, namsalimia.